Waliwafukuza Wageni, Kazi Hazikurudi

Wasee, huku kwetu tunalia nyumba ni chache na kodi iko juu. Sasa kuna mji Ujerumani uliobomoa maghorofa yake kwa sababu watu walihama.

Unaitwa Hoyerswerda. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ulikuwa kamji kadogo tu. Halafu serikali ya kisoshalisti ya Ujerumani Mashariki ikajenga kiwanda kikubwa cha makaa, Schwarze Pumpe, hapo karibu. Maghorofa yakachipuka, na kufikia miaka ya 1980 wakazi walishapita 70,000. Karibu kila familia ilikula kupitia makaa.

1990 Ujerumani mbili zikaungana. Soko likabadilika, na maelfu wakafutwa kazi. Hasira ikatafuta pa kutua. Septemba 1991, magenge yakavamia makazi ya wafanyakazi kutoka Msumbiji na Vietnam, majirani wengine wakishangilia. Mwishowe wageni ndio walipakiwa kwenye mabasi wakaondolewa. Na hao waliitwa na serikali ileile kuja kufanya kazi!

Sasa niambie, baada ya hapo kazi zilirudi? Wapi! Vijana wa Hoyerswerda wenyewe waliendelea kubeba mabegi kwenda magharibi. Leo wamebaki kama 30,000, na maghorofa mengi matupu yameangushwa.

Mmsumbiji hakufunga mgodi hata mmoja. Kwa hivyo mtu akikuambia wageni wamekula kazi zenu, muulize kwanza: kiwanda kilifungwa na nani?