Ajali ya pikipiki iliyowafundisha madaktari namna mtu anavyopoteza kumbukumbu zake

Mwezi Oktoba 1981, Kent Cochrane, Mkanada wa miaka 30, alikuwa akirudi nyumbani kutoka kazini pikipiki yake ilipoacha njia. Aliumia vibaya kichwani, akaponea chupuchupu. Alipopata nafuu alizungumza vizuri, alicheza chesi na alijua hatua zote za kubadilisha tairi la gari. Lakini hakukumbuka tukio hata moja la maisha yake. Siku aliyopata habari za kifo cha ndugu yake ilikuwa imefutika kabisa. Alipoulizwa kesho atafanya nini, alijibu kwamba kichwani hamna kitu.

Elimu ya kumbukumbu ilianza zamani. Mwaka 1881, Mfaransa Théodule Ribot aliandika kwamba ubongo unapodhurika, mambo ya karibuni hupotea kwanza, ya zamani yakabaki. Mwaka 1953, huko Hartford, Marekani, daktari William Scoville alimpasua Henry Molaison ili kumtibu kifafa, akaondoa sehemu kubwa ya hipokampasi, kiungo kidogo kilicho ndani ya ubongo pande zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini Molaison hakuweza tena kuhifadhi jambo jipya. Mtafiti Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo. Kila siku mkono ulizidi kuwa mwepesi, na kila siku mwenyewe aliapa kuwa hajawahi kuifanya kazi hiyo.

Mwaka 1972, Endel Tulving wa Toronto alieleza kwamba kujua jambo ni kitu kimoja, na kukumbuka ulivyolipitia ni kingine. Cochrane, ambaye hipokampasi zake ziliharibika, akawa ushahidi wake.

Tuilete hoja hiyo Enguserosambu, tarafa ya Loliondo, wilayani Ngorongoro. Mzee wa Kimaasai aliyeumia namna hiyo anaweza kujua kuwa yeye ni wa rika la Makaa, asikumbuke hata siku moja ya jando lake. Anamtambua ng'ombe wake kwa alama, ila siku aliyompata haimo kichwani.

Bodaboda sasa ni usafiri wa kawaida vijijini, na wengi hupanda bila kofia ngumu. Aliyeanguka akainuka si lazima awe salama. Akiuliza swali lilelile mara kwa mara, akitapika, akisinzia kupita kawaida au akisahau kilichotokea, awahishwe hospitali, hata kama hana jeraha la nje. Wengi walioumia kidogo hurudiwa na kumbukumbu, ingawa dakika zenyewe za ajali mara nyingi hazirudi. Anayeendelea kusahau asiitwe mwongo wala aliyerogwa. Ndugu na watu wa rika lake wamsimulie habari zake bila kumkemea, na zile ambazo hazikumbuki awe anazijua walau kwa kusimuliwa.