Kisangani: Ya kuona kando ya Mto Kongo

Mgeni anayefika Kisangani, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, aanzie kwa Wagenia. Wavuvi hao husimika magogo katikati ya maporomoko, wakayafunga kwa kamba na kutundika migono mikubwa yenye umbo la pia, ambamo samaki husukumwa na maji yenyewe. Ni kazi ya kuhatarisha maisha.

Hapo ndipo yanapoishia maporomoko saba ya Boyoma, ambayo Tippu Tip aliteuliwa liwali wake mwaka 1887. Kiswahili kingali kinasemwa mjini. Basi nauli ya mtumbwi na ipatanwe kabla ya kupanda.

Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana mjini humu siku sita, na raia wengi wakauawa. Bandarini, vyombo huteremka hadi Kinshasa, takriban kilomita 1,700.