Tulikotoka: Historia ya Kwaya Yetu Katika Miaka 50



Kamati ya yubilei ilipotuomba tuandike historia ya kwaya, tulidhani kazi itakuwa nyepesi. Tungefungua vitabu vya kumbukumbu za mikutano, tunakili miaka, tutaje vikombe, tumalize. Vitabu vyenyewe tulipata vitatu tu. Kimoja kimeliwa na mchwa hadi katikati, na cha pili kimejaa hesabu za nauli na sukari ya chai kuliko habari za nyimbo. Kwa hiyo mengi ya haya tumeyapata kwa kuketi na wazee wetu wanne waliosalia kati ya waanzilishi, chini ya mwembe ulio nyuma ya vestri. Walisimulia kwa zamu, wakabishana hapa na pale, na mara mbili waliacha kusimulia wakaimba.

Walitupa sharti moja. Walisema tukiandika habari za vikombe, tuandike na mwaka wa aibu. Wengi wetu tulio kwenye kamati tulikuwa tungali watoto wa shule ya Jumapili mwaka huo, lakini kwaya ni moja, na aibu yake ni yetu. Tumetii.

Kwaya ilianza na watu saba. Hapakuwa na kinanda wala sare. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, kitabu kimoja cha nyimbo ambacho jalada lake lilishonwa kwa uzi wa gunia, na ubao mweusi ulioazimwa darasani kila Alhamisi jioni na kurudishwa kabla ya giza. Mwalimu aliandika herufi za solfa ubaoni, d, r, m, na wale saba, ambao wawili wao hawakujua kusoma maneno, walizisoma hizo. Nyanya mmoja wa sauti ya pili anatuambia kwamba alijua kusoma solfa miaka minne kabla ya kujua kusoma jina lake.

Hapa tunaomba ruhusa ya kutoka nje ya njia kidogo, maana jambo hili linatugusa. Solfa tunayoitumia mpaka leo haikutoka kwa wanamuziki wakubwa. Mwanzo wake ni kazi ya Sarah Glover, binti wa kasisi kule Norwich, Uingereza, aliyetafuta njia rahisi ya kuwafundisha watoto kuimba. Mwaka 1841 mchungaji John Curwen, ambaye mwenyewe hakuwa mwanamuziki, alipewa kazi ya kutafuta namna bora ya kufundisha kuimba katika shule za Jumapili. Akaichukua njia ya Glover, akairekebisha, akaieneza, na wamisionari wakaibeba mpaka kwetu Afrika. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu wasio na pesa za kununua kinanda. Tulipolisoma hilo tulielewa kwa nini ule ubao wa kuazima ulitosha.

Miaka ya kwanza inapita upesi katika simulizi za wazee. Saba wakawa 15, wakawa 30. Akina mama waliuza mahamri na viazi karai, sare ya kwanza ikashonwa, samawati yenye kola nyeupe. Kinanda cha kwanza kilinunuliwa kwa harambee, na kilikuwa na vidole viwili visivyolia. Kisha tukaanza kushinda. Kombe la kwanza la dayosisi, la pili, la tatu mfululizo. Picha zake mtaziona ukutani leo, mtuone tulivyotunisha vifua.

Sasa ule mwaka.

Kulikuwa na mama mmoja mjane katika parishi yetu aliyekuwa akifua na kupiga pasi sare zote za kwaya. Hakuwa mwimbaji. Alisema Mungu hakumpa sauti lakini alimpa mikono. Kila Jumamosi mashati yaliangikwa kwenye kamba nyumbani kwake, na hakuna siku aliyoomba hata pesa ya makaa. Katika kile kitabu kilicholiwa na mchwa jina lake halimo mahali popote. Tumelitafuta.

Mama huyu alifariki wakati kwaya, yenye watu 42 sasa, ilikuwa ikijiandaa kurekodi kaseti mjini Mombasa. Mazishi yalipangwa Jumamosi, siku ile ile ya kwenda studio. Mkutano ulifanyika, nao umeandikwa, mstari mmoja tu: kwamba kwaya haitahudhuria kwa sababu ya kazi muhimu. Akazikwa bila kwaya, akiimbiwa na wajukuu wake. Wale 42 walikwenda studio wakiwa wamevaa sare alizozipiga pasi yeye, wiki aliyougua.

Kaseti haikutoka. Malipo ya mwanzo yalipotea pamoja na aliyeyapokea, na ugomvi wa nani alimpa na kwa idhini ya nani ukaingia ndani ya kwaya kama moto wa makuti. Kila sauti ikawa na upande wake. Kufikia Pasaka waliosalia walikuwa 11, na mwalimu hakuwa mmoja wao. Jumapili moja waliinuka kuimba, mstari wa pili ukawashinda, wakaketi. Mzee mmoja alituambia hivi: “Siku ile tulijua kwamba hatukuwa tumeimba siku nyingi. Tulikuwa tumejionyesha tu.”

Kasisi aliyekuwa amehamia parishini hakuwahubiria wale 11. Aliwapandisha matatu, akawapeleka Rabai.

Wengi wetu tumekwishafika Rabai, lakini ni vyema vijana wetu wakaisikia habari hii kama ilivyosimuliwa siku ile. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine. Julai mwaka huo huo Rosine alijifungua mtoto wa kike, akashikwa na homa, akafa, na siku chache baadaye mtoto naye akafa. Walizikwa ng'ambo ya maji, mkabala na kisiwa cha Mombasa. Mtu mwingine angepanda jahazi arudi kwao. Krapf, naye akiwa mgonjwa, aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi hilo liwe ishara kwao kuwa kazi imeanza.

Miaka miwili baadaye, 1846, mwenzake Johannes Rebmann alifika. Walipopanda kwenda Rabai kuanza misheni, wote wawili walikuwa na homa, nao walikuwa na punda mmoja tu. Hivyo ndivyo kazi ya Injili ilivyoanza Rabai, na wagonjwa wawili na punda. Na ilikawia kuzaa. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, maskini kilema ambaye wengi hawakumhesabu kuwa kitu, naye alibatizwa akiwa amelala kitandani, karibu na kufa. Krapf aliondoka mwaka 1853. Rebmann, ambaye mwaka 1848 aliona theluji ya Kilimanjaro na wasomi wa Ulaya wakakataa kumwamini, alikaa mpaka 1875, miaka 29, akaondoka akiwa kipofu. Krapf alifariki mwaka 1881 nyumbani kwao Ujerumani, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapishwa mwaka uliofuata, hakuiona.

Kasisi aliongeza jina ambalo vitabu vya shule mara nyingi hulisahau, William Jones. Huyu alikuwa Mwafrika aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akalelewa Nasik kule Uhindi, akaja Rabai mwaka 1864. Mwaka 1885 yeye na mwenzake Ishmael Semler waliwekewa mikono na Askofu Hannington kuwa mashemasi. Mtoto aliyeuzwa kama bidhaa alisimama madhabahuni. Sisi walimu tunaofundisha historia tungependa jina hili liandikwe ubaoni mara nyingi zaidi.

Wale 11 walisimama kati ya Kanisa la Mtakatifu Paulo na vile vijumba vya Krapf na Rebmann, ambavyo vingalipo. Hakuna aliyekuwa na la kusema. Mwimbaji mmoja wa sauti ya nne alihesabu kwa vidole miaka 29, kisha akasema, “Na sisi tumesambaratika kwa sababu ya kaseti.” Akacheka, na kicheko kikamgeuka kuwa kilio. Wazee wanasema hawakuimba pale. Walipanga kuimba, sauti hazikutoka. Wakaomba kimya, wakarudi.

Jumamosi iliyofuata walikwenda nyumbani kwa marehemu yule mama. Hawakuvaa sare. Binti yake mkubwa aliwakalisha nje, hakuwapa hata maji, na kwa mila zetu mnajua hiyo ina maana gani. Waliomba msamaha mmoja mmoja. Kisha wakaomba ruhusa wamwimbie mama pale kaburini, ingawa wamechelewa kwa miezi minane. Binti alinyamaza muda mrefu. Alipojibu alisema mama yake hakuwahi kuwalaumu kwa lolote, ila yeye anawalaumu, na waimbe. Waliimba wimbo mmoja, sauti nne, bila kinanda. Katikati ya wimbo binti alileta mkeka.

Tangu siku hiyo kwaya ina kanuni ambayo kila anayejiunga husomewa: mazishi hutangulia mashindano, na hatuulizi marehemu alikuwa nani. Kanuni hiyo imetugharimu. Imetugharimu kombe la dayosisi mara mbili. Hatujapigia kura kuiondoa, ingawa, tuseme ukweli, mara moja ilipendekezwa.

Mwalimu wa kwanza alirudi baada ya mwaka. Hakuna aliyemwomba hadharani. Alhamisi moja alionekana tu amekaa nyuma, na aliyekuwa akifundisha akamwachia chaki.

Mengine ni ya karibu na mnayajua. Machi 2020 makanisa yalipofungwa kwa sababu ya korona, tulifanya mazoezi kwa simu, kila mtu akirekodi sauti yake nyumbani, na matokeo yake hatutayacheza leo. Ibada ziliporuhusiwa tena Julai kwa watu wasiozidi 100 na kwa saa moja, wenye umri wa zaidi ya miaka 58 waliambiwa wabaki nyumbani. Waanzilishi wetu wote waliangukia hapo. Basi tukawa tukitoka ibadani tunapitia nyumba zao, tunasimama uani mbali mbali, barakoa usoni, tunaimba ubeti mmoja mmoja. Mwaka huo tuliwazika watatu.

Tunapoulizwa tunamshukuru Mungu kwa lipi, hujikuta tukitaja vitu vidogo. Ubao wa kuazima. Wale wenye ukoma kumi walioponywa na Bwana, mmoja tu alirudi, na sisi kwa miaka kadhaa tulikuwa kati ya wale tisa, tukienda zetu na afya zetu na vikombe vyetu. Tunashukuru kwamba tulipewa nafasi ya kugeuka njiani. Tunawashukuru makasisi wote waliotuchunga, Umoja wa Akina Mama kwa chai ya miaka 50, na washiriki mliovumilia tulipokosea ufunguo na kuanza wimbo upya mbele yenu.

Leo, katika sehemu ya tatu ya programu, tutaimba wimbo ule ule ulioimbwa kaburini. Tutauimba bila kinanda. Binti wa yule mama ni mgeni wetu wa heshima, na ndiye atakayekata keki. Anayeongoza sauti ya tatu, kijana mrefu wa mstari wa nyuma, ni mwanawe. Sare tulizovaa zilipigwa pasi jana na wanakwaya wenyewe, kwa zamu, uani kwake, kwenye kamba ile ile.

Mazoezi yanaendelea Alhamisi saa kumi na moja jioni kama kawaida. Anayetaka kujiunga asilete kitu.