Mfalme Aliyeomba Divai na Unga

Katika vitabu vya shule karne ya 16 ni karne ya Ulaya. Sote tulikariri majina yake: Martin Luther na hoja zake 95 za mwaka 1517, Papa Leo X aliyemhukumu, Kaisari Karolo V, Henry VIII wa Uingereza na wake zake sita. Afrika huonekana humo kama pwani tu, mahali ambapo meli hupita zikielekea kwingine. Kuhusu imani, wengi wetu hapa Likasi huhesabu kuanzia mwaka 1910, pale Wabenediktini kutoka Ubelgiji walipofika Katanga wakiongozwa na Jean-Félix de Hemptinne. Kwa Kongo hesabu hiyo imekosea kwa zaidi ya miaka 400.

Papa Leo yule yule, kabla hata miezi saba haijatimia tangu hoja za Luther, alimteua kijana wa Kikongo kuwa askofu. Ilikuwa mwezi Mei 1518. Kijana huyo aliitwa Henrique, naye alikuwa mwana wa mfalme Mvemba a Nzinga, ambaye tangu ubatizo wake aliitwa Afonso. Habari za baba huyu ndizo tunazotaka kuzitafakari pamoja nanyi.

Ufalme wa Kongo ulikuwa mbali nasi, upande wa magharibi, karibu na mlango wa mto mkubwa. Makao yake makuu yalikuwa Mbanza Kongo, mji ambao leo umo ndani ya Angola, ingawa majimbo kadhaa ya ufalme, kama Nsundi, yaligusa nchi tunayoiita leo Kongo Central. Baharia Mreno Diogo Cão alifika huko katika miaka ya 1480. Mwaka 1491 mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa akaitwa João, na mwanawe Mvemba, aliyetawala jimbo la Nsundi, akabatizwa pia. Baba alipoa baada ya muda. Sharti la mke mmoja lilimshinda, kwa kuwa ndoa za mfalme ndizo zilizofunga ukoo na ukoo. Mwana alishika. Baba alipofariki, Afonso alipigana na ndugu yake kugombea kiti, akashinda, na mwenyewe alisimulia kwamba Mtakatifu Yakobo alitokea mbinguni na kuwatisha adui zake. Tusiicheke simulizi hiyo. Wafalme wa Hispania na Ureno walisimulia ushindi wao kwa namna ile ile.

Afonso alitawala hadi mwanzoni mwa miaka ya 1540. Alijifunza kusoma na kuandika Kireno. Padri Rui d'Aguiar, aliyemwandikia mfalme wa Ureno mwaka 1516, alistaajabu kwamba mtu huyu alisoma vitabu hata akapitiwa na usingizi juu yake, na kwamba shule zake zilikuwa na vijana zaidi ya elfu moja. Mmoja wa waandishi wake alikuwa Mkongo, João Teixeira. Barua zaidi ya ishirini za Afonso zimehifadhiwa, na nyingi ziko Lisbon mpaka leo. Ndani yake mfalme wa Ureno huitwa ndugu. Tulitazame neno hilo vizuri: halikuwa unyenyekevu wala kujipendekeza. Ni mfalme Mkristo aliyekuwa akimkumbusha mfalme Mkristo mwenzake kwamba wote wawili walizaliwa katika maji yale yale ya ubatizo.

Aliomba nini katika barua hizo? Mapadri, walimu, waganga, wauza dawa, mafundi wa kujenga makanisa kwa mawe. Alilipa pia. Miongoni mwa mali alizopeleka Ulaya zilikuwamo bangili za shaba kwa mamia, maana shaba ilikuwa fedha ya wakati ule. Lakini mwaka 1514 aliandika barua ndefu ya uchungu: mafundi waliokula mshahara bila kumaliza kazi, na mapadri walioacha nyumba ya pamoja wakajitafutia kila mmoja nyumba yake, wanawake wake na watumwa wake wa kuuza. Sisi tunaoishi Likasi, tunaoona malori ya shaba na kobalti yakipita kila siku kuelekea Kasumbalesa, hatuhitaji mtu wa kutufafanulia uchungu wa kutoa shaba na kungojea fundi asiyemaliza nyumba.

Mara kadhaa aliomba jambo jingine: auziwe meli, ili watu wake na mali yake wasitegemee mabaharia wa wengine. Meli hakupewa.

Twafika mwaka 1526. Mfalme Manuel wa Ureno alikuwa amekwisha kufa, na mwanawe João III alikuwa na umri wa miaka 24. Tarehe 6 Julai Afonso alimwandikia kwamba wafanyabiashara huwakamata watu wake kila siku: wazaliwa wa nchi, watoto wa wakubwa, hata jamaa za mfalme mwenyewe. Alieleza pia jinsi jambo hilo linavyokwenda. Bidhaa za kigeni zimeingia kwa wingi hata wakubwa wa majimbo hawahitaji tena kupewa kitu na mfalme, hivyo hawamtii tena. Na walio na tamaa ya bidhaa hizo huwakamata watu na kuwauza. Ndipo alipotamka ombi lake. Wasiletwe tena wafanyabiashara wala bidhaa. Waletwe mapadri na walimu wachache wa shule, pamoja na divai na unga kwa ajili ya Sakramenti Takatifu.

Divai na unga! Kongo haikuwa na mizabibu wala ngano. Hata Misa yenyewe ilitegemea meli, na meli ile ile iliyoshusha mkate wa altare iliondoka na watu chini ya sitaha. Afonso hakuweza kuufungia mlango ubaya bila kuufungia pia mlango Ekaristi, na Lisbon walilijua jambo hilo.

Hapa hatuna budi kusema lisilopendeza. Afonso mwenyewe aliuza watu. Mateka wa vita vyake walipelekwa baharini kabla ya 1526 na baada yake, na baadhi ya masomo ya vijana wake huko Ureno yalilipiwa kwa fedha hiyo. Miezi mitatu tu baada ya barua ya Julai, tarehe 18 Oktoba, aliandika tena. Hakutaja tena kuifunga biashara. Alikuwa ameweka wakubwa watatu wa kuchunguza kila anayeuzwa, kama kweli ni mateka au ni mtu huru aliyeibwa. Wapo wanaomwita shujaa wa ukombozi na wapo wanaomwita mshirika wa wauzaji. Kwa maoni yetu alikuwa mfalme aliyeona wazi kosa likiwapata watoto wa nchi yake, asiione kwa wazi uleule mateka wa nchi jirani. Upofu huo aliushiriki pamoja na karibu wakubwa wote wa wakati wake, wa Ulaya na wa Afrika.

Hata Roma haikuwa na neno moja. Mwaka 1455 Papa Nikolao V alikuwa amewaruhusu Wareno kuwatia utumwani Wasaraseni na wapagani. Mwaka 1537 Papa Paulo III alitangaza kwamba Wahindi wa Amerika, na mataifa mengine yatakayojulikana baadaye, wasinyang'anywe uhuru wao, hata kama hawajawa Wakristo. Meli za Kongo ziliendelea kusafiri. João III alikuwa amekwisha kumjibu Afonso kwamba nchi isiyofanya biashara haina heshima.

Na Henrique? Aliondoka Kongo akiwa mtoto, akasomeshwa Lisbon, akapewa uaskofu kwa ruhusa ya pekee kwa kuwa hakuwa ametimiza umri unaotakiwa. Alipewa jina la jimbo la Utica, mji wa kale wa Afrika ya Kaskazini ambao haukuwa na waamini tena, akawekwa kuwa msaidizi wa askofu wa Funchal, katika kisiwa cha Madeira. Alirudi nyumbani mwaka 1521. Kwa hiyo askofu Mkongo aliishi Mbanza Kongo, katika nchi yake, wakati Ulaya inapasuka kwa ajili ya Luther. Lakini hakuwa na jimbo lake mwenyewe. Aliugua mara kwa mara, na baba yake aliogopa kumtuma mbali naye. Alifariki yapata mwaka 1531. Askofu mwingine Mkongo, Pierre Kimbondo wa Kisantu, aliwekwa wakfu mwaka 1956.

Afonso aliishi baada ya mwanawe. Karibu na mwisho wa maisha yake, siku ya Pasaka, akiwa kanisani katika Misa, Wareno kadhaa walimfyatulia risasi. Walimkosa. Baada ya hapo aliendelea kuandika Lisbon, na katika barua hizo mfalme wa Ureno bado anaitwa ndugu.