Walimu Weusi wa Marekani walikwenda wapi?

Jibu langu linaanzia Johns Island, kisiwa jirani na Charleston, South Carolina. Mwaka 1916 binti wa miaka 18, Septima Poinsette, alikwenda kufundisha huko kwa sababu shule za umma za Charleston hazikumwajiri mwalimu Mweusi, hata kwa watoto Weusi. Yeye na mwenzake mmoja walibeba wanafunzi 132. Alilipwa dola 35 kwa mwezi. Ng'ambo ya barabara, mwalimu Mzungu mwenye wanafunzi 3 alipata 85.

Hakunyamaza. Mwaka 1919 alipita nyumba kwa nyumba akikusanya saini, na mwaka uliofuata Charleston ikaanza kuajiri walimu Weusi. Kufikia wakati huo ualimu ulikuwa miongoni mwa kazi chache za heshima ambazo Mmarekani Mweusi msomi angeweza kuzipata Kusini.

Kisha ikaja hukumu ya 1954 ya kukomesha ubaguzi shuleni. Watoto Weusi walihamishiwa shule za Wazungu. Walimu wao wakaachwa nje. Huko Moberly, Missouri, walimu Weusi 11 walinyimwa mikataba mwaka 1955, na walipokwenda mahakamani wakashindwa. Katika majimbo 17, walimu na wakuu wa shule Weusi wapatao 38,000 walipoteza kazi kufikia 1965. Septima, ambaye sasa alikuwa Bi. Clark, alifukuzwa mwaka 1956 kwa kukataa kujitoa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani Weusi. Miaka 40 ya chaki ikaishia hapo, na pensheni ikaenda nayo.

Kwa hiyo nikisikia wakuu wa elimu wakilalamika kwamba vijana Weusi hawaupendi ualimu, nakasirika. Wazee wao walitolewa darasani. Leo walimu Weusi ni kama asilimia 6 tu ya walimu wa shule za umma, na wengi wanaondoka mapema, wakiwa na madeni ya chuo, wakigeuzwa askari wa nidhamu badala ya kuachwa wafundishe hisabati.

Mpango wa Call Me MISTER, ulioanzia Chuo Kikuu cha Clemson, humsaidia kijana anayesomea ualimu kulipa karo, humweka pamoja na wenzake na kumpa mlezi. Huo ni mwanzo mzuri. Lakini akishaajiriwa, asiachwe awe Mweusi peke yake katika chumba cha walimu, na mshahara wake umtoshe kulipa deni na kodi ya nyumba.