Nani Alikuamulia Saizi ya Almasi Sikioni Mwako?

Swali linalokuja sana kwa DM yangu ni hili: "Nataka vipuli vya almasi vya kuvaa kila siku, vile vya jiwe moja tu. Nichukue karati ngapi?" Ona vile swali lenyewe limekaa. Hakuna anayeuliza milimita. Kila mtu anataka karati, na karati hata si ukubwa. Ni uzito.

Zamani wafanyabiashara walipima vito kwa mbegu za mkarobu, wakiamini zote ziko na uzito mmoja. Haziko. Kila mji ukawa na karati yake, hadi 1907 mkutano wa kimataifa wa vipimo ukaamua karati moja ni miligramu 200. Mbegu ikasahaulika, jina likabaki.

Sasa shida iko hapa. Almasi ya duara ya karati moja ina upana wa kama milimita 6.5. Ya karati mbili je? Utadhani 13, lakini ni kama 8 tu, kwa sababu jiwe linakua pande zote, hata kwenda chini ambako hakuna anayeona. Bei nayo, kwa almasi ya kuchimbwa, inapanda zaidi ya mara mbili. Yaani unalipa doo mingi kwa milimita moja na nusu!

Na hii imani kwamba kubwa ndiyo ya maana ilitoka wapi? Kampuni ya De Beers, iliyoundwa 1888 kule Afrika Kusini, ilishika soko la almasi duniani kwa miongo mingi. Matangazo yake Marekani yalifunza watu kupima mapenzi kwa ukubwa wa jiwe. Halafu Wasovieti wakapata almasi kibao Siberia, ila nyingi zilikuwa ndogo, chini ya nusu karati. De Beers ikakubali kuziuza. Utauzaje vijiwe kwa watu uliowaambia wadharau vijiwe?

Manze, walibadilisha wimbo tu. Ghafla kidogo ni kizuri, angalia jinsi kilivyokatwa, angalia rangi. Wakaleta pete zilizozungushiwa almasi ndogondogo, wakawalenga wake waliokaa kwenye ndoa miaka mingi. Mwandishi Edward Jay Epstein aliichimba hii stori 1982: wastani wa almasi iliyouzwa ulishuka kutoka karati 1 mwaka 1939 hadi 0.28 mwaka 1976. Kisha mawe makubwa yakaanza kukosa wanunuzi, na matangazo yakarudi kusifu ukubwa. Ladha ya watu ilikuwa inafuata stoo ya kampuni.

Kwa hivyo ukiona mtu wa rika letu anachukua mkopo kwa simu ili afikishe "angalau karati moja kila sikio", jua hiyo "angalau" haikutoka kichwani mwake. Siku hizi tena kuna almasi za maabara, teknolojia ambayo General Electric waliifanikisha 1954, na zimeshuka bei hadi hata ukubwa wenyewe hauthibitishi pesa.

Rudi kwa sikio lako basi. Robo karati ina upana wa kama milimita 4, nusu karati kama 5, karibu punje ya pilipili manga. Kwa kuvaa kila siku mimi ningekaa hapo. Ukifika 6.5 unakaribia minji ndogo, na kwa ndewe nyembamba jiwe linaanza kuinama mbele. Angalia pia limesimama juu kiasi gani, kwa sababu lile lililoinuka litanasa sweta, litabanwa na helmeti ya boda, na usiku litakuchoma ukilalia upande.

Na kabla ulipe, uliza kama ile "karati moja" iliyoandikwa ni ya kila kipuli ama ya jozi nzima. Mara nyingi ni ya jozi.