Dirisha za mbao katika nyumba za zamani za Likasi: namna ya kuzitengeneza na kuzitunza

Mvua za mwezi wa kumi na moja zikianza Likasi, nyumba nyingi za zamani zinaonyesha ugonjwa wao kwenye dirisha. Maji yanapita chini, mbao inavimba, dirisha haifungike tena vizuri, na rangi inaanguka vipande vipande mu chumba ambako watoto wanalala. Mara nyingi shauri la haraka ni kutoa dirisha yote na kuweka ya chuma ao ya aluminiyumu. Lakini mbao ya zamani, mara nyingi, imeoza sehemu ndogo tu, ile ya chini. Sehemu hiyo inaweza kutengenezwa nyumbani, mwenye nyumba akisaidiana na fundi wa mbao wa kartiye. Kuko jambo moja la kujua mbele ya kushika kisu: rangi ya zamani inaweza kuwa na sumu.

Nyumba hizi zilitoka wapi

Likasi ilikua pamoja na migodi na viwanda vya shaba vya Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoanzishwa mwaka wa 1906. Kuanzia 1931 muji uliitwa Jadotville, kwa jina la Mubeleji Jean Jadot. Jina la Likasi lilirudi mwaka wa 1966, na mwaka wa 1967 mali ya Union Minière iliingia mikononi mwa serikali. Kampuni iliyozaliwa hapo njo ile inaitwa leo Gécamines.

Wakati kampuni ilikuwa na nguvu, nyumba zake zilikuwa na mafundi wake. Kioo kikivunjika, mutu alipeleka habari kwa wakubwa wa kampuni na fundi alikuja. Nguvu hiyo ilipungua kidogo kidogo, na katika miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi wa Gécamines waliacha kazi katika mupango wa kuondoka kwa hiari uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Leo, mu Kikula, Panda, Shituru na mu komine ya Likasi yenyewe, anayekaa ndani ya nyumba ya zamani njo anapaswa kuitengeneza kwa makuta yake.

Dirisha iko na sehemu gani

Dirisha ya mbao inayojulikana zaidi huku ni ile ya mabawa mawili yanayofunguka kama mulango. Kadre imeshikwa ndani ya ukuta, na mabawa yanasimama juu ya sharniere. Katikati kuko kremoni, ile fimbo ya chuma inayozungushwa ili kufunga juu na chini kwa mara moja. Vioo vinashikwa na misumari midogo pamoja na masitiki.

Sehemu mbili za chini zinastahili kuangaliwa sana. Kwenye bawa kuko mbao nene inayotokea inje kama mudomo: kazi yake ni kutupa maji mbali na ukuta. Chini yake kuko kizingiti cha kadre, na mara nyingi kiko na tundu dogo ao mufereji wa kutoa maji yaliyoingia. Rangi na vumbi vya miaka mingi vikiziba tundu hilo, maji yanabaki ndani, na mbao inaanza kuoza hapo hapo.

Nini inaharibu mbao

Maji peke yake hayaozeshe mbao kama inapata nafasi ya kukauka. Shida ni maji yanayokaa. Yanaingia mahali masitiki imepasuka, mahali rangi imefunguka, na zaidi kwenye pembe ambako vipande viwili vya mbao vinaungana, sababu kichwa cha mbao kinakunywa maji kuliko upande wake. Kisha kunakuja jua kali la kiangazi, mbao inapasuka, na mvua ya mwaka unaofuata inapata njia mupya.

Adui wa pili ni muchwa. Katika Haut-Katanga, mahali vichuguu vinapita urefu wa mutu mara mbili ao tatu, hakuna nyumba inayoweza kusema haimujui. Anapanda ndani ya ukuta na kuingia katika kadre kutoka nyuma, ili inje kuonekane rangi nzuri tu. Alama yake ni njia nyembamba za udongo ukutani, na sauti ya utupu mutu akigonga mbao kwa kidole.

Kupima ni rahisi. Fundi anachukua turnevisi na kuisukuma polepole kwenye pembe za chini, kizingiti na mudomo wa bawa. Ikigonga na kusimama, mbao ni nzima hata kama sura yake ni mbaya. Ikizama kama ndani ya mukate, hapo mbao imeoza. Alama inawekwa kwa kalamu, na kila dirisha inaandikiwa kazi yake mbele ya kununua kitu chochote.

Rangi ya zamani: hatari kwa watoto

Zamani rangi nyingi za mafuta zilichanganywa na risasi, ile madini ambayo watu wengi wanaiita plombe. Risasi ilifanya rangi iwe na nguvu na ikauke haraka. Hatari yake ilijulikana zamani: mwaka wa 1921 Shirika la Kimataifa la Kazi lilipitisha mapatano ya kukataza risasi nyeupe katika rangi ya ndani ya nyumba, ili kulinda mafundi wa rangi. Lakini rangi ya inje haikuguswa na katazo hilo, na dirisha iko inje na ndani kwa wakati mumoja. Ndiyo maana dirisha ya wakati wa Jadotville inapaswa kuhesabiwa kuwa na risasi mupaka ipimwe.

Rangi hiyo ikiwa nzima na imefunikwa na rangi mupya, haifanye mambo mengi. Hatari inaanza ikibomoka ao ikikwanguliwa. Vumbi lake linaanguka chini, mutoto anagusa, anaweka mukono kinywani. Risasi inaharibu akili ya mutoto na inapunguza nguvu yake ya kujifunza, na inaweza kupita kutoka kwa mama mwenye mimba kuingia kwa mutoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kipimo cha risasi mu damu kinachojulikana kuwa salama. Watu wa Katanga hawahitaji kuenda mbali kuona mufano: kule Kabwe, katika Zambia, mugodi wa risasi na zinki ulifungwa mwaka wa 1994, lakini udongo wake umeendelea kutia watoto sumu miaka mingi baadaye.

Kwa hiyo kuko sheria tano ambazo fundi na mwenye nyumba hawapaswe kuvunja:

– Rangi ya zamani haikwanguliwe ikiwa kavu. Inanyunyiziwa maji kwanza, na papie vere inatumiwa ikiwa imelowa.

– Rangi haiunguzwe kwa moto. Moshi wake unabeba risasi.

– Watoto na mama mwenye mimba hawakae karibu. Bawa linatolewa na kufanyiwa kazi inje, juu ya hema ya plastiki, mbali na kisima na mahali pa kupika.

– Takataka yote inakusanywa ikiwa bado imelowa na kufungwa katika mufuko. Haitupwe mu bustani ya mboga.

– Mbao ya zamani yenye rangi haitiwe mu mbabula. Wakati makala ni ghali, wengi wanajaribiwa kuipikia chakula, lakini kufanya vile ni kuleta sumu jikoni.

Fundi anafunika pua na kinywa, ananawa mikono mbele ya kula, na nguo zake za kazi zinafuliwa mbali na zile za watoto.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Kazi inafanywa wakati wa kiangazi, kati ya mwezi wa tano na mwezi wa tisa, sababu mbao iliyolowa haishike kole wala rangi. Ni vizuri kutengeneza dirisha moja moja, ili nyumba isibaki wazi usiku.

Kwanza, vioo. Masitiki ya zamani inatolewa polepole kwa kisu, misumari midogo inavutwa, na kioo kinawekwa kimesimama. Kinachovunjika kinabadilishwa na kingine kilichopunguzwa milimeta mbili ao tatu kwa urefu na kwa upana, sababu kioo kinachobanwa sana kinapasuka mbao ikivimba.

Kisha, mbao iliyooza. Fundi anakata mupaka anafika kwenye mbao nzima, na anakata kwa kuinamisha ili maji yateremke kuenda inje. Kipande kipya kinapaswa kuwa kikavu, cha mbao ngumu, na nyuzi zake zinafuata upande ule ule wa nyuzi za zamani. Mulombwa ni mbao nzuri kwa kazi hii, maana inavumilia maji na muchwa. Kipande kinashikwa kwa kole isiyoogopa maji pamoja na visi. Kujaza tundu kwa simenti ni kosa linaloonekana sana: simenti haicheze pamoja na mbao, inaachana nayo, na maji yanakaa katikati. Unga wa mbao uliochanganywa na kole nyeupe unafaa tu kwa matundu madogo ya upande wa ndani.

Pembe zikiwa zimefunguka, zinasafishwa, zinatiwa kole, zinabanwa kwa kamba mupaka kesho yake, na kufungwa na musumari wa muti. Mbele ya kole kukauka, fundi anapima kutoka pembe moja mupaka pembe ya kuvuka, kisha zile mbili zingine. Vipimo vikilingana, bawa ni sawa. Visipolingana, halitafunga kamwe.

Masitiki inaweza kufanywa nyumbani: unga wa chaki unapondwa na mafuta ya kitani yaliyochemshwa, ile kwenye kenkayeri wanaita wili de leni, mupaka inakuwa kama bugali laini. Mahali pa kuiweka panapakwa mafuta kidogo kwanza, kama sivyo mbao kavu itanyonya mafuta ya masitiki na itapasuka. Kitambaa kilichotumiwa kwa mafuta hayo kinaloweshwa maji na kukaushwa inje, maana kikikunjwa kinaweza kuwaka moto chenyewe. Masitiki inaachwa wiki moja ao mbili ifanye ngozi. Nyuma ya hapo inapakwa rangi, na rangi ipande juu ya kioo milimeta mbili, ili maji yasipite katikati.

Kwa rangi, mbao tupu inapata mukono wa kwanza mwepesi, kisha mikono miwili. Vichwa vya mbao vinapakwa mara nyingi zaidi. Sharniere na kremoni hazipakwe rangi, zinatiwa mafuta. Bawa lililoanguka na kukwaruza kizingiti linaweza kunyanyuliwa kwa rondele moja ndani ya sharniere. Kama tundu la visi limekuwa kubwa, linajazwa kijiti chenye kole, na visi inarudi mahali pake.

Mwisho, tundu la maji linafunguliwa kwa musumari, na kikombe cha maji kinamwangwa juu ya kizingiti. Maji yakitoka inje, kazi imefaulu.

Dirisha za kupandisha na kushusha

Kuko pia dirisha ambazo bawa lake linapanda na kushuka, mutindo uliopendwa sana Uingereza. Ndani ya kadre mumefichwa kamba na chuma kizito kinacholingana na bawa. Kamba moja ikikatika, zinabadilishwa zote mbili, sababu ni za umri mumoja. Njia ya bawa haipakwe rangi; inapakwa mushumaa tu. Bawa linashikwa na mutu wa pili wakati kamba inafunguliwa, kwa maana likianguka linaweza kuvunja vidole.

Musitikeri na antivole

Kwa sababu ya malaria, musitikeri ya dirisha ina maana kubwa. Inafaa kuwekwa kwenye kadre yake ndogo inayoweza kutolewa na kusafishwa. Misumari mingi inayopigiliwa moja kwa moja katika bawa inafungua njia za maji. Antivole ya chuma nayo inashikwa kwenye ukuta, si kwenye mbao, na katika kila chumba cha kulala ni vizuri moja iweze kufunguliwa kutoka ndani, moto ukitokea.

Kutengeneza ao kubadilisha?

Kama kadre yote imeliwa na muchwa, kubadilisha ni lazima. Kama pembe mbili za chini peke yake zimeoza, kutengeneza kunaomba kipande cha mbao, kole, masitiki, rangi na siku chache za fundi. Baada ya hapo utunzaji ni mudogo: mwezi wa nne, mvua zikiisha, dirisha zinaangaliwa, kiangazi, penye kupasuka panafungwa, mwezi wa kumi, matundu ya maji yanasafishwa na sharniere zinatiwa mafuta. Na kila siku, penye rangi inabomoka, panapanguswa kwa kitambaa chenye maji, mbele mutoto hajaweka mukono wake hapo.